Asiguswe

Ilikuwa kona, jua limeshakaribia maji,
uwanja wa changarawe nyuma ya shule, Igogo.
Mimi niliruka. Golikipa wao aliruka.
Goti langu, shingo yake, nguzo ya goli:
hadi leo sijui kipi kilitangulia.

Masalu akalala kifudifudi, akauliza taratibu,
"Jamani, miguu yangu mmeiweka wapi?"
Tukacheka.
Mungu atusamehe, tulicheka,
maana yule hata msibani alikuwa na mzaha.

Kisha tukambeba.
Huyu mikono, yule miguu,
kichwa kinaning'inia kama cha mbuzi wa sikukuu.
Tukambana kwenye bodaboda, katikati ya wawili,
na njia ile hadi Bugando ina matuta saba.
Nayahesabu kila nikipita.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, macho mekundu.
Akauliza, nani alimnyanyua?
Tukanyoosha mikono wote,
tukidhani tunasifiwa.

Miezi mitano. Kisha wakampa ruhusa,
na kiti cha magurudumu cha msaada, kipya, kinang'aa,
kikafika chini ya mlima kikasimama.
Nyumba yao iko juu, katikati ya majabali,
ngazi mia na kumi na mbili.
Hakuna aliyewahi kuzihesabu kabla ya siku ile.
Mji mzima una uti wa mgongo wa mawe,
na haukuwa na pingili moja ya kumwazima.

Mimi sikwenda. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Nilipokwenda, mama yake alinikuta mlangoni:
"Kama umekuja kulia, lia huko nje.
Kama umekuja kumgeuza, nawa mikono."

Maana alipaswa kugeuzwa kila saa mbili,
mgongo usioze kwa kulaliwa.
Nkwimba muuza dagaa alikuwa na daftari la madeni;
akaligeuza upande wa nyuma, akapiga mistari.
Saa nne usiku, Bulugu kinyozi.
Saa sita, mke wa mchungaji.
Saa nane, penseli ikasubiri.
Nikasema, niandike mimi.

Saa nane za usiku hufunza mambo.
Hufunza uzito wa nyonga isiyojisaidia,
na namna ya kufuta kinyesi cha mtu
huku mnabishana nani alistahili kuotea.
Kuhusu goti hatukuwahi kuongea.
Usiku mmoja tu alisema, "Ungepiga kichwa chini,
ningeudaka,"
akageukia ukuta. Yaani, nikamgeuzia ukuta.

Kiangazi, wanawake wagonga kokoto wakaja bila kuitwa.
Wakachoma matairi juu ya jabali mchana kutwa,
wakalimwagia maji ya ziwa, ndoo kwa ndoo,
likalia kama bunduki, likapasuka.
Tukapata mteremko upana wa kiti.
Mafundi wakala ugali wa mtaa, wakadai nusu ya ujira.
Kisha saruji ikapanda, mvua zikashuka, mchango ukakauka.
Bado ngazi arobaini na moja.
Hizo tunamkwea naye, wanne wanne,
naye juu anatutukana kama tajiri mwenye ghorofa.

Jumamosi hukaa kando ya mstari, kofia usoni,
anawafundisha makipa wadogo kwa mdomo tu.
Juzi mtoto mmoja alianguka vibaya, akatulia.
Wenzake wakamkimbilia, mikono mbele,
kama sisi, kama sisi kabisa,
na sauti ikatoka kwenye kile kiti,
sauti ambayo mapafu yale hayakuwa nayo:
"Asiguswe!"

Wakaganda. Wote ishirini na mmoja.
Mmoja akapiga magoti, akashika kichwa pande mbili
kama yai, kama alivyofundishwa, akauliza,
"Unasikia vidole?"
Ziwa nalo lilikuwa kimya, au mimi sikulisikia.

Yule mtoto akafumbua jicho moja,
akamtazama refa.
Kumbe alitaka penalti.

Masalu akacheka hadi kofia ikadondoka.
Nikaiokota, nikamvika.
Goti langu lilikuwa linatetemeka;
akaliona, akaliangalia kitambo,
akasema, "Haya, nisukume. Jua linaniumiza."